Esperansia, Mpaka Chini ya Gunia

Naitwa Kwandu. Nauza dagaa katika soko la Biharamulo mjini, na meza yangu imepakana na turubai la Esperansia muuza maharage, mwaka wa kumi na moja sasa. Nampenda kama dada yangu, na ananiudhi kuliko dada yangu.

Mkulima akileta gunia la maharage sokoni, wafanyabiashara wenzake Esperansia wote wanachoma bambo, kile kichuma chenye mfereji cha kutobolea gunia. Maharage machache yanadondoka kiganjani, wanayatazama, wanalipa, siku inaendelea. Esperansia hapana. Anatandika turubai, anakata uzi, analimwaga gunia lote mpaka chini. Anachuchumaa hapo akipitisha mikono, anatafuta mawe, anatafuta yaliyobunguliwa, anatafuta ya mwaka juzi yaliyofichwa katikati ya mageni. Vumbi lote linatua kwenye dagaa wangu. Nikigomba ananijibu bila hata kuinua kichwa, "Kwandu, bambo linaona pale linapochoma tu."

Vumbi hilohilo ndilo lililomhamisha nyumba sita. Maana maharage ya kununua anayamwaga sokoni, lakini ya kuchagua usiku na alfajiri anayamwaga nyumbani, na hakuna mwenye nyumba wa Biharamulo anayevumilia. Mmoja alisema watoto wanakohoa. Mwingine alisema wadudu wanahamia kwenye mahindi yake. Wa mwisho alimrushia turubai nje mvua ikinyesha, gunia mbili za maharage ya njano zikaota palepale uani. Siku ile nilimkuta amekaa juu ya ndoo, akaniambia, "Kwandu, nyumba ya saba itakuwa yangu." Nikacheka. Mwanamke peke yake, hana mume, hana mtoto wa kumtumia hela kutoka Mwanza, atanunua nyumba mjini? Nilicheka na sasa naona aibu.

Ilimchukua miaka tisa, akilala kwenye kibanda cha mabati alichokodi pembeni ya soko, ambacho hakukihesabu kama nyumba. Mwaka jana Mzee Idefonsi, ambaye kila mtu hapa anamjua kwa sababu ndiye aliyekuwa akipiga kinanda kanisani hadi vidole vilipokakamaa, akatangaza kwamba anauza nyumba yake nyuma ya soko na kurudi kwao Rulenge kupumzika. Vyumba vinne, bati zima, stoo ya tofali yenye mlango wa chuma, na hati. Bei milioni kumi na nane. Esperansia alizisikia habari hizo saa tatu asubuhi, na saa nne alikuwa ameshasimama uani kwa mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuitazama?"

"Nimekuja kuinunua. Kuitazama nitaanza leo, na nitachukua siku kadhaa."

Mzee alicheka. Alikuwa hajui anaongea na nani.

Sasa mimi nilivyonunua kiwanja changu kule Nyamahanga, acha niwaambie, ilikuwa siku moja. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wanne, tukazunguka mpaka mguu kwa mguu, nikatoa ndoo mbili za rubisi, pombe yetu ya ndizi, watu wakanywa, mwenyekiti akagonga muhuri, kwisha habari. Kwa hiyo Esperansia aliponiomba nimsindikize kwa wakili kama shahidi wake, nilivaa kitenge kipya, nikajua tunakwenda kuhesabu hela, kupeana mikono na kuchukua funguo.

Mayo wane, mama yangu we! Wakili anaitwa Teddy, binti mwenye miwani na maneno machache. Alifungua faili akasema, "Bei mmekubaliana. Sasa tuzungumze gharama za kuihamisha."

"Gharama gani tena?" nikaropoka. "Si amesema kumi na nane?"

"Kumi na nane ni ya nyumba," wakili akasema. "Hati kutoka jina la mzee kwenda jina la mama Esperansia nayo ina safari yake."

Akaitaja safari hiyo. Kuna mthamini wa kuja kuipima nyumba na kusema thamani yake, analipwa. Kuna ushuru wa stempu, kuna ada ya usajili, kuna ada ya kibali cha uhamisho. Kuna yeye wakili. Kuna kodi ya faida ambayo ni ya muuzaji kama sheria inamgusa. Kila alipotaja moja mimi nilipiga paja. Niligeuka nimtazame Esperansia nikidhani atazimia. Wapi! Alikuwa ametoa bahasha ya pili kwenye mkoba, mbali na hela ya nyumba, ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu: YA NJIANI. Miaka yote tisa alikuwa akiweka huku na huku. Alikuwa ameuliza watu watatu walionunua nyumba kabla yake kila mmoja alilia wapi, akaweka akiba ya kila kilio.

Na kabla hata ya siku hiyo alikuwa ameshaomba upekuzi ofisi ya ardhi, yaani wafungue kumbukumbu waseme nyumba ni ya nani, ina mkopo wa benki au kesi, na inadaiwa nini. Majibu yalikuwa hapo mezani. Jina ni la Idefonsi. Mkopo hakuna. Kesi hakuna. Ila kodi ya pango la ardhi haijalipwa miaka tisa.

"Hiyo utalipa ukishahamia," mzee akasema, kwa upole tu.

"Baba, miaka hiyo tisa ulilala wewe humo," Esperansia akasema. "Iandikwe itoke kwenye hela yako."

Mzee alikunja uso, lakini ikaandikwa. Ikaandikwa pia kwamba nusu ya bei inalipwa siku ya kusaini na nusu hati ikishatoka na jina jipya, zote kwa njia ya benki. Mimi nilikuwa nimeshachoka. Nilimnong'oneza, "Mzee wa kanisa huyu, unamfanya kama mwizi." Akanikata jicho nikanyamaza.

Kisha wakili akauliza swali la mwisho, kwa sauti ileile ya kuuliza namba ya simu. "Mzee, una mke? Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza."

"Ninaye. Yuko hapo nje."

Akaitwa Consolatha. Mama mpole, mnene kidogo, anauza chai na mandazi jirani na stendi, na mji mzima unamwita mke wa mzee kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliingia akatusalimu, akakaa ukingoni mwa kiti. Wakili akamsogezea fomu ya ridhaa na kile kisahani cha wino. Consolatha akanyoosha dole gumba. Mimi nikaanza kufunga mkoba wangu.

"Wakili, tusubiri," Esperansia akasema.

Wote tukamtazama. 

"Baba, unisamehe sana. Nimesali na wewe kanisa moja miaka kumi na minne. Ulipiga kinanda, unatoa sadaka, hukosi misa. Lakini hukomuniki. Sijakuona hata siku moja."

 Mimi ni Msukuma wa kanisa la AIC, sikuelewa kutokula mkate wa kanisani kunahusianaje na nyumba. Niliona tu uso wa mzee unabadilika na Consolatha anarudisha dole gumba lake taratibu, analificha kwenye kanga.

"Umekuja kununua nyumba," mzee akasema, "au umekuja kunihukumu?"

"Nimekuja kununua, baba. Ndiyo maana nauliza. Yuko wapi mama uliyefunga naye ndoa?"

Mzee akasimama. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Kuna mtu wa Geita ana hela mkononi! Haulizi upuuzi! Leo Jumatano. Ijumaa saa nane mchana nakuja hapa kusaini na yeyote aliye tayari. Kama ni wewe, uje bila maneno yako. Kama si wewe, basi." Akatoka. Consolatha akamfuata, bila kutuaga.

Jamani, nilimgombeza Esperansia kuanzia mlango wa wakili mpaka sokoni. Nilimwambia yeye ni kichwa ngumu, mchimbuzi, mwenye gundu. Nilimwambia nyumba iko mkononi na anaitupa kwa sababu mtu hali mkate wa kanisani. Watu waligeuka kututazama, sikujali.

Alinisubiri nimalize. Tulikuwa tumefika kwenye turubai lake. Akakaa.

"Kwetu Wakatoliki," akasema, "mtu akiishi na mwanamke bila ndoa ya kanisa, hakomuniki. Ni kawaida, wako wengi. Lakini kila mwaka padri anawakusanya watu wa namna hiyo, anawafungisha ndoa siku moja, wazee kwa vijana. Idefonsi na Consolatha hawajawahi kujiandikisha. Miaka yote hiyo, na yeye ni mtu wa kinanda, yuko karibu na padri kuliko mimi. Kwa nini? Kwa sababu hawezi. Ana ndoa nyingine, ambayo kanisa halivunji, na aliyefunga naye yuko hai."

"Haya, yuko hai! Nani atakuja kujua? Mwanamke ambaye hajaonekana huku miaka ishirini, wewe anakuhusu nini?"

Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo kwa miaka yote ya kukaa meza kwa meza hakuwahi kunigusia.

"Kwetu Murukulazo, kule Ngara, nilikuwa na nyumba. Nilifyatua tofali mimi, nikachoma mimi, mume wangu akaezeka. Siku moja nimetoka mnada wa ng'ambo ya mto na maharage yangu, nikakuta watu nisiowajua wanashusha vitanda vyao uani kwangu. Imeuzwa. Nikasema, mbona sijasaini? Wakanionyesha karatasi. Pale kwenye jina la mke pana dole gumba. La wifi yangu." Akapangusa uso kwa ukingo wa kanga. "Yule aliyenunua hakuwa mtu mbaya, Kwandu. Alikuwa mtu wa haraka. Alimwona mwanamke nyumbani, akasema huyu ndiye mke. Nilimchukia kuliko mume wangu. Mimi siwi yeye. Nisipopata nyumba, nisiipate."

Nikakaa. 

Wakili Teddy alimpigia jioni ile. Alimwambia wazi kwamba kama mke wa ndoa yupo, dole la Consolatha si kitu. Huyo mke anaweza kuja mahakamani hata baada ya miaka kumi na kuizuia nyumba, na aliyenunua abaki na risiti. Lakini akamwambia pia kwamba hawezi kumfunga mzee kamba, na Ijumaa ni Ijumaa.

Esperansia akachukua simu. Ana namba za wakulima wa maharage kutoka Ngara nzima, kila kijiji mtu wake. Alimpigia wa Rulenge, hakujua. Akampigia wa pili, akamtaja dada yake anayejua. Mtu wa tano alikuwa Niyibizi wa Benaco, anayemuuzia gunia kumi kila msimu. "Mke wa Idefonsi mpiga kinanda?" Niyibizi akasema. "Si Nyirabahizi huyu? Shamba lake limepakana na langu. Hata yale maharage uliyoyasifu mwezi wa pili yalikuwa yake."

Alhamisi alfajiri tulikuwa njia panda ya Lusahunga tunasubiri gari la Benaco. Ndiyo, na mimi nilikwenda. Dagaa nilimwachia jirani.

Nyirabahizi tulimkuta uani anapukuchua mahindi. Mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, mgongo umenyooka. Alikuja Ngara akiwa mgongoni mwa mama yake, wakikimbia Rwanda zamani zile, na hajahama tena zaidi ya ile miaka aliyoishi Biharamulo. Tulimwamkia, akaitikia, akatuletea kigoda na mkeka. Esperansia hakuzunguka. Alimweleza yote: nyumba, bei, fomu, dole gumba la Consolatha lililoishia njiani, mtu wa Geita, saa nane ya kesho.

Mama alisikiliza bila kuacha kupukuchua. "Nyumba ile," akasema mwishoni, "tofali zake nilizibeba kichwani nikiwa na mimba ya miezi saba. Mtoto hakukaa. Nyumba ikakaa. Kisha akamleta yule mwingine, nikafunga mzigo wangu nikarudi kwetu. Sikudai kijiko. Na yeye toka siku hiyo hajaleta hata salamu. Mwambieni aendelee kuniona nimekufa. Maiti haisaini."

Nilimtazama Esperansia. Nilijua ile nyumba imekwenda. Miaka tisa, bahasha mbili, imekwenda hivihivi kwenye ua wa Benaco. Nilitamani apige magoti, alie, aahidi chochote. Hakufanya hivyo. Alisema, "Nimekusikia, mama. Ni haki yako." Akavuta gunzi moja kwenye rundo, akaanza kupukuchua. Ikabidi na mimi nichukue moja, nikipukuchua kwa hasira mpaka kidole gumba kikachubuka.

Tulipukuchua karibu debe zima. Ndipo mama akauliza, "Wewe ulijuaje kwamba mimi nipo? Huko si wanamjua huyo mwingine?"

"Mzee hakomuniki, mama."

Mikono ya mama ikasimama.

"Unasemaje?"

"Toka nimehamia parokia ile. Watu wanapanga mstari, yeye anabaki kwenye kinanda ameinamisha kichwa. Noeli, Pasaka, hata siku alipozikwa dada yake. Hata aliposhindwa kupiga, akawa anakaa benchi la nyuma, mstari ukimfikia anasogeza miguu watu wapite."

Mama aliliweka gunzi chini. Alitazama barabarani, kule yanakopita malori ya kwenda mpakani Rusumo. Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, na machozi yanamtoka hayazuii.

"Idefonsi! Huyu aliyekuwa akinigombeza nikichelewa misa! Miaka ishirini na miwili hajakomunika." Akajifuta kwa kiganja chenye unga wa mahindi, uso ukabaki mweupe. "Kumbe anajua. Mimi nilidhani amesahau kwamba ana mke. Kumbe kila Jumapili alikuwa anakaa pale anawaambia watu wote, na hakuna aliyesikia ila wewe."

Akasimama, akapangusa kanga. "Nitakuja. Siji kwa ajili yake, wala sijakuahidi wewe. Nataka niione nyumba yangu, kisha nitajua."

Alilala kwa Esperansia usiku huo. Ijumaa asubuhi walikwenda wakasimama nje ya nyumba, wao wawili tu. Mimi nilikatazwa. Esperansia alinisimulia kwamba mama hakuomba kuingia. Aliugusa ukuta wa nyuma, akahesabu mistari ya tofali mpaka kimo cha kiuno, akasema, "Hizi zangu," basi.

Saa nane kasoro tukaingia kwa wakili. Mtu wa Geita alikuwa ameshafika, kijana nadhifu, mkoba wa ngozi mapajani. Mzee Idefonsi alikuwa amekaa na Consolatha. Alipomwona aliyeingia nyuma yetu, alisimama akashika meza.

"Nyirabahizi."

"Idefonsi. Umezeeka."

Consolatha aliinuka akampisha kiti. Hakuna aliyemwambia ainuke. Nyirabahizi alimtazama, akasema, "Kaa mwanangu, viti vipo," akachukua cha pembeni.

Wakili akaeleza kwa ufupi: nyumba ni ya wanandoa, mke wa ndoa ni huyu, bila ridhaa yake hakuna anayenunua. Yule kijana wa Geita hakuwa mjinga. Alielewa haraka kuliko mimi. Akageuza kiti kumwelekea mama.

"Mama, shikamoo. Mimi natoa milioni ishirini. Mbili zaidi ya huyu. Na zote leo, si nusu nusu. Weka saini tu."

 Milioni ishirini! Esperansia hakuwa na hata laki ya kuongeza. Nilimwona anafumba macho. 

"Kijana," Nyirabahizi akasema, "jana ulijua kama nipo?"

"Hapana mama. Lakini ningejua..."

"Ungeuliza ungejua. Huyu aliuliza." Akamgeukia wakili. "Andika Esperansia. Bei ni ileile mliyokubaliana. Nusu ya hela ni yangu, iingie kwenye akaunti yangu, isipite mkononi mwa mtu. Unaandika?"

Wakili alimtazama mzee. Milioni mbili zilikuwa zinatoka mlangoni na kijana wa Geita, na moja kati yake ilikuwa ya mzee. Mzee Idefonsi alikuwa anatazama vidole vyake vilivyokakamaa.

"Andika," akasema. "Anachosema mke wangu andika." Halafu, kwa sauti ndogo, "Nilikosa, Nyirabahizi."

"Najua. Nimeambiwa kwamba na wewe unajua." Akaukataa wino wa dole gumba. Akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, herufi moja moja, akilitamka. Wakili alisubiri, sote tulisubiri, na Consolatha alikuwa analia kimyakimya bila mtu kumkataza.

Msidhani funguo zilitoka siku hiyo. Mthamini alikuja na futi yake. Fomu zikaenda ofisi ya ardhi ya wilaya, zikaenda Bukoba, zikarudi kwa sababu namba moja ya kitambulisho ilikosewa, zikaenda tena. Kodi ya pango ya miaka tisa ikakatwa kwenye nusu ya mzee kama ilivyoandikwa. Ushuru wa stempu, usajili, kibali: kila lilipokuja jipya nililalamika mimi, na Esperansia alifungua bahasha ya YA NJIANI, akalipa, akadai risiti, akaibana na nyingine. Miezi mitano. Siku hati ilipotoka, ndani ya bahasha ile ilikuwa imebaki elfu sita na mia tano. Tulinunua soda.

Na mimi? Msinicheke. Jumatatu iliyofuata nilikwenda Nyamahanga kumtafuta mke wa yule aliyeniuzia kiwanja. Nimekuta wako wawili. Bado tunaongea.

Esperansia alihamia siku ya Jumamosi. Vitu vyake havikujaza hata mkokoteni mmoja, ila magunia yalijaza miwili. Nilidhani tunayapeleka stoo. Yeye akamwambia mpagazi aweke moja sebuleni, katikati ya sakafu ambayo nilikuwa nimeimaliza kuipiga deki mimi mwenyewe, kwa magoti yangu.

"Esperansia! Humu humu?"

Hakujibu. Alikata uzi, akalikamata gunia kwa pembe zake mbili za chini, akalimwaga lote. Maharage ya njano yalitawanyika mpaka mlangoni, mpaka chini ya dirisha, na vumbi likapanda likafika kwenye dari. Alibaki ameshika gunia tupu, kichwa amekigeuzia mlango. Ilinichukua muda kuelewa anasubiri nini. Alikuwa anasubiri mwenye nyumba apige kelele.

Hakuna aliyepiga kelele. Esperansia akavua kandambili, akachuchumaa katikati ya maharage yake, akaanza kuchagua. Mimi nilikaa naye chini kumsaidia, na sikuyaona vizuri kwa sababu nilikuwa nalia.